Vibamba Vitatu Vilivyofutwa

Mzigo ulipofika Bomet mjini, karani wa ofisi ya mizigo alikataa kunipa mpaka nimweleze ni nini. Alikuwa ameshaufungua upande mmoja, akatoa chupa na kuiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile inayonywewa na watu waliokosa maziwa.

"Mwalimu, hii ni pombe?"

"Ni maji ya bahari."

"Bahari iko na rangi kama hii?"

"Imetiwa ayodini. Ni dawa ya kuua vijidudu vilivyomo ndani, visioze njiani."

Akaitazama tena, akaigeuza juu chini. "Sasa kama vimeshakufa, unavitaka vya nini?"

Kusema kweli, katika mkasa huu wote, watu wenye shahada tatu hawakuwahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Nilitia sahihi, nikachukua chupa zangu kumi na mbili, nikatafuta bodaboda asiyependa mashimo, nikarudi nyumbani upande wa Silibwet.

Nilikuwa nimeishi Pwani miaka saba, nikifanya kazi katika maabara ndogo kando ya mlango wa mto mmoja, pale maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi katikati ya mikoko. Kazi yangu ilikuwa kutambua dinoflajelati na kuwapanga katika jamii zao. Dinoflajelati ni kiumbe cha seli moja, kidogo kiasi kwamba ukipanga mia zake mstari hazifiki upana wa ukucha. Kina mijeledi miwili: mmoja umejifunga kiunoni kama mshipi, mwingine unaning'inia nyuma, kwa hiyo kinakwenda kikizunguka kama pia. Vingi vyao vimevaa vibamba vigumu vilivyounganishwa kama vigae vya paa. Hesabu ya vibamba na jinsi vilivyopangwa ndivyo vinavyokupa jina. Ukikosea hesabu, umekosea jina, na jina likikosewa kila kitu kinachofuata ni porojo.

Aliyenifundisha kuhesabu hakuwa profesa. Alikuwa mzee mmoja fundi wa maabara, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Wasomi walikuja na mashua, wakachota maji, wakamwachia yeye chupa, wakaenda kuogelea. Baada ya mwaka walitoa makala zilizojaa macho yake, na yeye wakamshukuru mwishoni, kwa herufi ndogo, kati ya dereva na mpishi. Hakulalamika kamwe. Mimi nililalamika kwa niaba yake, na labda ndiyo sababu mkataba wangu haukuongezwa ufadhili ulipopungua.

Nikarudi nyumbani na hadubini kuukuu ambayo maabara ilikuwa inaitupa, nikaajiriwa kufundisha bayolojia katika shule ya kutwa. Nyumbani hakuna aliyenionea huruma. Baba yangu mdogo, anayefuga ng'ombe watatu na kuzungumza kama anayefuga mia tatu, aliniambia mbele ya wageni, "Miaka saba umesomea maji ya chumvi, na hapa hata chumvi ya ng'ombe bado tunanunua." Mwalimu mkuu aliponitambulisha kwa wazazi alisema nimesomea samaki. Sikumsahihisha. Samaki ni kitu cha heshima; mtu anaweza kumla.

Ndipo akapiga simu yule Daktari.

Alikuwa daktari wa karatasi, si wa sindano. Nilimfahamu Pwani. Alisomea mipango ya mazingira, na kwa mipango alikuwa hodari kweli: aliweza kupanga warsha mbili kwa wiki moja. Katika miaka yote saba sikuwahi kumwona ameketi mbele ya hadubini. Nilimwona mara moja amesimama kando yake, akipigwa picha.

"Mwalimu, tumekukumbuka," alianza, kama mtu anayetoa zawadi. Akanieleza kwamba kwenye ule mlango wa mto maji yaligeuka rangi ya kutu kwa siku kadhaa. Wanawake wa pale huvuna chaza kwenye mizizi ya mikoko, na sasa wanunuzi wamesikia habari ya maji na wameingiwa na hofu. Mradi wake unataka kujua ni kiumbe gani kilichobadilisha maji. "Nataka majina tu. Majina na idadi."

Alisema kama mtu anayeita orodha ya wanafunzi asubuhi. Lakini nilikubali haraka mno, na sitajifanya kwamba nilikubali kwa ajili ya wanawake wa chaza. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchora moyo wa binadamu ubaoni kwa watu waliotaka kujua kama utakuja kwenye mtihani.

Shule zilikuwa zimefungwa. Niliweka hadubini kwenye meza karibu na dirisha linalotazama shamba la chai la mama, na kila asubuhi, mama akienda kuchuma, mimi nilikaa pale. Unatikisa chupa taratibu, unachukua tone, unalifunika kwa kioo chembamba, unatazama. Siku ya kwanza nilisahau kula. Kulikuwa na wenye pembe tatu, moja juu na mbili chini, kama nanga. Kulikuwa na waliobapa kama mbegu ya boga, wenye mwiba upande mmoja. Na kulikuwa na mmoja aliyewazidi wote kwa wingi: mviringo, mdogo, amechongoka kidogo utosini. Huyo ndiye aliyepaka maji rangi ya kutu.

Na huyo ndiye aliyenipa wasiwasi. Maana kuna jamii moja, nayo ni ya mviringo, nayo ni ndogo, ambayo baadhi ya watu wake wana sumu. Chaza huchuja maji kutwa nzima na kukusanya sumu hiyo mwilini bila kudhurika. Anayekula ndiye anayedhurika: midomo inakufa ganzi, kisha vidole, kisha pumzi. Kumpika chaza hakuondoi kitu. Kwa hiyo hapa hakuna nafasi ya kukisia.

Ayodini ilikuwa imewapaka weusi, vibamba havionekani. Nilitia tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikasubiri rangi ipungue, nikabonyeza kioo kwa kitako cha penseli mpaka gamba likaachana, kibamba hiki huku na kile kule. Kisha nikahesabu. Juu kabisa, kuzunguka utosi, vinne. Chini yake, juu ya mshipi, saba. Na katikati ya safu hizo mbili, vibamba vitatu vidogo vimejipenyeza. Ile jamii yenye sumu ina sita juu ya mshipi, na katikati haina kitu. Nilihesabu seli arobaini, moja baada ya nyingine, kutoka chupa tofauti. Saba, na vitatu katikati. Ilikuwa jamii nyingine kabisa, ya kawaida sana kwenye midomo ya mito, isiyojulikana kuwa na sumu.

Mama aliporudi na kikapu chake alitaka kuona. Alifumba jicho moja kwa mkono, kwa sababu hawezi kulifumba peke yake, akainama kwa muda mrefu.

"Huyu wa pembe amevaa vizuri kuliko mimi," alisema. "Na yupi mbaya?"

"Mbaya simwoni."

"Basi waandikie hivyo. Kazi imeisha."

Niliandika. Nilichora kiumbe kwa penseli, kwa vitone, jinsi nilivyofundishwa: kwa mbele, kwa nyuma, na kutoka utosini ambako vile vitatu vinaonekana wazi. Niliongeza mstari mmoja: kwamba mimi nimetazama maji, sikuwatazama chaza, na kwamba wapelekwe chaza wachache maabara wapimwe nyama, watu watulie. Nikapiga picha kurasa zote, nikatuma.

Simu ilikuja siku ya pili.

"Mwalimu, nimesoma. Kazi safi sana. Sasa hili neno, 'haijulikani kuwa na sumu.'"

"Ndiyo."

"Unajua wafadhili wanasoma ukurasa wa kwanza tu. Wakikuta hakuna sumu, watauliza, sasa mradi ni wa nini?"

"Watakuwa wameuliza vizuri."

Akacheka kwa adabu. "Lakini hivi viwili, chako na kile cha sumu, havifanani?"

"Kwa mbali vinafanana."

"Basi! Tuandike kinafanana na kile."

"Hata mimi na wewe tunafanana kwa mbali, Daktari."

Sauti yake ikawa laini, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Hebu angalia tena. Kwa ajili ya usalama wa wananchi."

"Sawa, nitaangalia tena," nikasema.

Nilisema hivyo ili akate simu. Ndivyo tunavyosema huku kwetu: mtu akikuuzia sera sokoni unamwambia utafikiria, unaendelea na viazi vyako. Ila Jumapili, baada ya kanisa, niliangalia tena kweli, seli nyingine arobaini, kwa sababu neno "usalama" lilikuwa limeniingia hata likitoka kinywani mwake. Saba, na vitatu katikati. Nikamwandikia: "Ni ile ile." Akanijibu kwa picha ya kidole gumba.

Nilipomsimulia mama, alikuwa anaosha mikono iliyokuwa imeingia weusi wa majani. Mama amepeleka majani ya chai kituo cha ununuzi tangu kabla sijazaliwa. Anasema kuna karani anayekataa majani kwa kutazama majani, na kuna anayekataa kwa kutazama uso wa mwenye kikapu. "Huyo wako anatazama uso," alisema. "Na si uso wako."

Warsha ilifanyika Kericho. Warsha ya hatari za maji ya bahari, mahali ambapo hata ukipanda mti mrefu kuliko yote utaona chai, na nyuma ya chai, chai. Niliuliza kwa nini isifanyike kule kule kwenye mikoko. Kijana wa mradi alinijibu kwamba washiriki wengi walikuwa hawajawahi kufika Kericho. Nikamshukuru kwa ukweli wake. Ndio pekee niliousikia kwa siku mbili.

Walikuja wamevaa majaketi mapya yenye mikunjo ya dukani. Walipewa mikoba, kalamu, na madaftari ambayo hakuna aliyeandika kitu ndani yake isipokuwa namba za simu. Hoteli iliwaandalia mursik, maziwa yetu ya kibuyu yenye majivu, katika vigilasi vya kunywea dawa ya kikohozi. Walionja kwa ncha ya ulimi, wakatazamana, wakapigana picha wakionja. Ukutani kulikuwa na kitambaa kikubwa chenye picha ya wimbi, na wimbi lenyewe, mtu yeyote aliyekaa Pwani angekuambia, halikuwa la bahari yetu.

Katikati ya ukumbi, peke yake kwenye meza ya watu wanane, alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo. Amevaa sweta mbili na juu yake kanga, na mikono ameificha ndani ya kanga. Kadi kifuani ilisema "Jamii". Halikuwa jina lake, bila shaka. Alikuwa ameletwa awe jamii. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuna chaza, na siku nzima ya kwanza hakuna aliyempa kipaza sauti.

Siku ya pili Daktari alipanda jukwaani. Alionyesha ramani, akaonyesha maji ya rangi ya kutu, akaonyesha picha ya mtoto mgonjwa kitandani ambaye, niligundua kutokana na bango lililokuwa nyuma ya kitanda, alikuwa mgonjwa nchi nyingine. Kisha akaonyesha mchoro wangu.

Mtu huujua mkono wake. Vile vitone vilikuwa vyangu, ule mkunjo wa mshipi ulikuwa wangu, hata mahali penseli ilipochomoka kidogo kwa sababu mama aliniita. Lakini vibamba vitatu vya katikati havikuwepo. Vilikuwa vimefutwa kwa kompyuta, na pengo likazibwa kwa vitone vya kunakili. Chini yake, kwa herufi nyekundu, limeandikwa jina la ile jamii ya sumu.

Nikahesabu safu ya chini, na nikaanza kucheka peke yangu, kicheko kibaya. Walikuwa wamefuta vitatu lakini wakasahau kwamba vile saba vilipaswa kuwa sita. Kiumbe kilichokuwa ukutani, kirefu kuliko mlango, hakikuwa changu na hakikuwa cha sumu. Hakikuwa katika kitabu chochote nilichowahi kufungua. Hata kudanganya kunahitaji mtu aliyesoma, na hapa hakuwepo.

Nikasimama. Sikungoja kipaza sauti. Mwalimu wa shule ya kutwa hahitaji.

"Daktari, mchoro huo ni wangu, na umepunguzwa."

Alitabasamu. "Umerahisishwa tu, mwalimu, ili washiriki waelewe."

"Umerahisishwa mpaka ukawa kiumbe kingine. Vilikuwepo vibamba vitatu hapo katikati. Hivyo vitatu ndivyo vinavyosema hakina sumu. Viko wapi?"

Yeye akawageukia wengine, si mimi. "Ndugu washiriki, hii ndiyo raha ya sayansi. Mtaalamu wetu mwenyewe, nilipompigia simu, alisema ataangalia tena. Maana yake hakuwa na uhakika. Na pasipo na uhakika, lazima tuchukue tahadhari."

Lilikuwa neno langu kweli, lile nililolisema ili niachwe nipumue. Amelibeba safari nzima, akalivisha koti.

"Niliangalia tena," nikasema. "Nikakuandikia ni ile ile. Ukanijibu kwa kidole gumba."

Watu wachache walicheka, wakaacha walipoona wakubwa hawacheki. Mwenyekiti wa kikao, bwana mwenye sauti ya mahubiri, akainuka. "Tunamshukuru sana mwalimu kwa mchango wake. Mambo ya vibamba ni ya kitaalamu, tutayamalizia pembeni. Sasa, chai iko tayari."

Nimeona kengele ya kwenda nyumbani ikipigwa siku ya kufunga shule. Hata wanafunzi hawainuki vile.

Nilibaki nimesimama na kiumbe changu kilichokatwa, mpaka mtu akazima projekta. Nilipogeuka, yule mama wa sweta mbili alikuwa karibu yangu.

"Mwalimu, hebu nambie," alisema kwa Kiswahili chao kile kinachotiririka, ambacho kikifika huku milimani sisi tunakivunja vipande. "Kwa hivyo chaza wetu ni wazima?"

Nilijibu jinsi nilivyofundishwa. "Mama, kile nilichokiona kwenye maji hakijulikani kuwa na sumu. Lakini chaza wenyewe sikuwapima. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika."

Alinitazama vile mama yangu anavyomtazama karani wa uso.

"Yule juu anasema huenda wana sumu. Wewe chini wasema huenda hawana. Mwezi wa pili huu hatuuzi. Sasa sisi tukauze huenda?"

"Mama, sayansi..."

"Hebu ngoja. Yale maji yalipogeuka, sisi tulikula chaza. Mimi nilikula, wanangu walikula, jirani alikula na ana mimba. Hapana aliyeshikwa na ganzi, hapana aliyeumwa hata tumbo. Kuna mmoja wenu aliyetuuliza?"

Hakukuwa na mmoja. Daktari hakuuliza kwa sababu hakutaka kujua. Mimi je? Nilikaa na chupa zile wiki mbili, nikahesabu seli themanini, nikajisifu kimoyomoyo kwa uangalifu wangu, na haikunipitia akilini kupiga simu moja kuuliza watu waliokula wanaendeleaje. Niliwadharau wote waliokuwa ukumbini mle kwa kutomwona yule mama, na mimi nilikuwa nimekaa meza ya tatu tangu jana, nikimsikitikia kwa mbali bila hata kwenda kumpa mkono.

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza."

Jibu hilo nadhani lilimshangaza. Akatoa mkono mmoja ndani ya kanga, mkono uliojaa makovu ya magamba ya chaza, akanishika kiwiko. "Basi tufanyeje?"

Tukakaa kwenye ngazi za nyuma ya jikoni, ambako kulikuwa na jua, na yeye akavua sweta moja. Nikamwambia kuna maabara ya serikali inayoweza kupima nyama ya chaza, na kwamba ombi likitoka kwa kikundi chao lenyewe litakuwa na nguvu kuliko likitoka kwangu, maana mimi ni nani. Nikaandika barua kwenye lile daftari la warsha, na nina hakika ndilo daftari pekee lililofanya kazi. Sentensi tatu. Akaniambia nimsomee mara mbili, akabadilisha neno moja. Nilikuwa nimeandika "tunaomba mtusaidie". Akasema, "Andika 'tunataka'." Nikaandika.

Kwa Daktari nilipeleka barua yangu mwenyewe, nikitaka vibamba virudishwe au jina langu liondolewe. Alikuwa mwepesi ajabu. Waliliondoa jina. Ripoti ilipotoka, kiumbe kisichokuwepo kilikuwa ukurasa wa kwanza, na chini yake imeandikwa: "Mchoro: timu ya mradi." Niliandika mara mbili zaidi kwa waliogharimia mradi. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Mara ya pili sikujibiwa, nikakumbuka ya kwanza kwa upendo.

Yule mama wa chaza alinipigia baada ya miezi mitatu hivi, nikiwa nasahihisha mitihani. Majibu yametoka, kwa Kizungu, na binti yake anayekijua yuko safarini. Akanisomea herufi moja moja kwa simu, mimi naandika pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi fulani aliyeamini figo iko kifuani. Ilichukua muda. Mwisho wake ilikuwa hivi: katika chaza waliopimwa, sumu haikuonekana.

"Hao waliopimwa, mama, na wiki ile," nikaona ni lazima niseme. "Maji yakibadilika tena itabidi mpime tena."

"Hilo najua. Hata samaki wa leo si wa kesho." Akacheka. Wanunuzi walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, wakitaka kupunguziwa bei kwa ajili ya ile hofu waliyoipata. "Na yule daktari wenu?" akauliza. "Yeye apimwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Akasema maji yameanza kupwa, anawahi mikokoni, akakata.

Daktari naye alipiga, Agosti. Awamu ya pili ya mradi ilikuwa imepatikana, ya kufuatilia ile hatari. Alizungumza kana kwamba Kericho haikutokea. Chupa zitakuwa nyingi zaidi, alisema, na watanitumia hadubini mpya, yenye kamera.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuitamani. Niliiona kabisa hapo mezani, na vibamba vikionekana bila kukodoa macho. Kisha nikamwambia nitakubali kwa sharti moja: nakala ya kila ukurasa wangu iende kwanza kwa kikundi cha wanawake wa chaza, kabla haijafika kwake.

"Utaratibu hauruhusu, mwalimu."

"Basi mtafute mwingine."

"Watu wa kazi hii ni wachache. Utajutia."

"Naam," nikasema, "najua."

Na nilijuta, siku iyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Walimpata mwingine, huwa wanampata. Shule zilikuwa zimefungwa na mama alikuwa ameanza kupogoa michai ya upande wa chini, ile mizee iliyokuwa imepanda mpaka kiunoni. Akanipa panga la pili. Nilikata kwa hasira tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka, na kila tawi nililipa jina la mtu. Mama alipita nyuma yangu akikagua. Akasema safu mbili nimezishusha chini mno, zitachelewa kuchipua, na kama bado nina hasira niende nikapasue kuni.